Mrusi Kanipa Kesi Isiyo Yangu

Warusi hawana jina moja. Nakwambia mapema, jirani yangu, usije ukasema hukuambiwa. Jamaa anaitwa Rodion Romanovich Raskolnikov. Sawa. Nimelimeza, limeshuka. Nageuza kurasa kidogo, mama yake anamwita Rodya. Rafiki yake akinogewa anamwita Rodka. Dada mtu anaitwa Avdotya Romanovna. Mara katokea Dunya. Mara Dunechka. Mimi nikajua marehemu mzee aliacha mabinti watatu. Nikaanza kumwonea huruma mama wa watu, mjane, pensheni yenyewe rubli 120 kwa mwaka mzima, atawalisha nini? Kumbe binti ni mmoja! Huruma yangu yote ile imekwenda bure. Nani atanirudishia?

Aliyeniletea balaa hili ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Yuko chuo kikuu. Unawajua wasomi wa siku hizi. Akija kwangu hali ugali mpaka kwanza akague kabati. Kabati langu lina vyombo. "Shemeji, nyumba nzima hii haina hata kitabu?" Nikamwonyesha kalenda na daftari la kugawana bili ya umeme. Akacheka kile kicheko cha puani. Aliporudi tena akaja na Warusi wawili kwenye mfuko. Mmoja Vita na Amani, wa Leo Tolstoy. Wa pili Uhalifu na Adhabu, wa Fyodor Dostoevsky. Vyote vya Kizungu. "Chagua, shemeji." Nikavipima mkononi, huku na huku, nikachukua chepesi. Hicho chepesi kina kurasa 500 na ushee. Kile kizito mpaka leo kinashikilia mlango wa jikoni usijibamize, na kinafanya kazi nzuri sana.

Nikapewa na somo la bure. Mwaka 1866, anasema shemeji, vitabu hivi viwili vilikuwa vinatoka kipande kipande kwenye jarida moja la kule Moscow, Russkiy Vestnik. Hapo nikapata nguvu. Kumbe ni mambo ya "itaendelea toleo lijalo"! Mimi nimekulia humo. Nikajua kila mwisho wa sura kuna mtu ananing'inia dirishani. Wapi! Kijana wa Kirusi analala kwenye kochi, ana homa, anaongea peke yake kurasa na kurasa, na wala hakuna anayening'inia popote.

Halafu baridi. Si kila mtu anajua Urusi ni theluji tupu? Nikajiandaa kabisa, nikajifunika shuka na feni nikazima. Nafungua ukurasa wa kwanza: ni mwezi wa saba, jiji la Petersburg, joto la kufa mtu. Vumbi, chokaa, matofali, harufu ya vilabu vya pombe. Kijana kapanga kachumba chini ya paa la ghorofa tano, mwandishi mwenyewe anasema ni kabati. Anadaiwa kodi. Anashuka ngazi kwa kunyata asije akakutana na mama mwenye nyumba. Hapo nikafunga kitabu. Nikatazama mlangoni. Nani kampa huyu Mrusi habari zangu?

Basi nikawa nakisoma kwenye daladala. Jalada lina shoka, na jina limeandikwa kwa herufi nyekundu kubwa ambazo hata konda anazisoma akiwa mlangoni. Mzee aliyekaa pembeni yangu akalisoma taratibu, herufi moja moja, akaguna. "Pole sana, mwanangu. Kesi iko mahakama gani?" Nikamwambia hapana mzee wangu, ni hadithi tu. Akanipigapiga begani. "Hata mdogo wangu alisema hivyohivyo." Ameshuka zake ameshaniombea dua. Kumbe kiti cha nyuma kuna mtu wa mtaani kwetu, kasikia yote, na unavyojua mtaa wetu hauhitaji redio. Jioni nafika kijiwe cha kahawa, kimyaa. Mtu ananipisha kwenye benchi kwa heshima ya msibani. Mwenyekiti wa mtaa kaniita pembeni: nikihitaji barua kwa ajili ya dhamana nisione aibu, ofisi iko wazi. Na yule mama wa genge, aliyekuwa ananiandikia nyanya kwenye daftari miaka nenda rudi, sasa anataka taslimu. "Si kwa ubaya, kaka. Ila mtu akifungwa mimi nitamdai nani?"

Sijaiba hata sindano. Nasoma tu!

Lakini kilichonikaba roho humo ndani siyo shoka. Ni riba. Kijana anakwenda kwa bibi mmoja mkopeshaji, Alyona Ivanovna. Amebeba saa ya fedha ya marehemu baba yake, ile bapa, mgongoni imechorwa dunia, cheni yake ya chuma. Anataka rubli nne. Bibi anaigeuzageuza, anasema moja na nusu, hutaki acha. Riba ni kopeki 10 kwa kila rubli kwa kila mwezi, na inakatwa juu kwa juu. Kopeki 15 zimeondoka. Halafu kuna deni la zamani la rubli mbili, riba yake kopeki 20, nazo zimeondoka. Mtu aliyepanda ngazi anawazia rubli nne anashuka na rubli moja na kopeki 15. Na anapokea! Hana la kusema!

Bwana wee, nilipiga hesabu hiyo kwa kidole kwenye vumbi la siti ya daladala, nikaona ndiyo hiyohiyo. Hiyo ni kausha damu. Kausha damu ya mwaka 1866. Tena yule bibi ana nafuu, asilimia 10 kwa mwezi mtaani kwetu ungemwita mfadhili. Mimi niliomba laki mbili za ada ya mtoto, nikatoka na laki na nusu, na sabufa yangu ikabaki hukohuko. Anayenikopesha ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Kiingereza sekondari, kiinua mgongo chake kakigeuza mtaji. Mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Mtaa mzima tunamwamkia shikamoo tukiwa tumeinama. Na mtaa mzima sabufa zetu ziko sebuleni kwake, zimepangwa kwa kimo.

Basi Mrusi akaamua amwue bibi. Hapa nisikilize vizuri, maana kijana huyu ni bingwa wa maandalizi na bonge la kilaza kwenye kazi yenyewe. Amehesabu hatua kutoka kwake mpaka kwa bibi: 730. (Nami nikasema nihesabu za kwangu mpaka kwa Mwalimu, kwa kujua tu. Mbwa wa nyumba ya kona akanipotezea hesabu, pamoja na ndala moja.) Ameshona kitanzi ndani ya koti, chini ya kwapa la kushoto, shoka lining'inie humo lisionekane. Amechukua kibao cha mbao na kipande cha chuma chembamba, akavibana pamoja, akavifunga na karatasi nyeupe safi, akazungusha uzi, akakaza fundo kwelikweli. Atasema ni kasha la sigara la fedha, analiweka rehani. Bibi atageukia dirishani apate mwanga, ahangaike na fundo, mgongo uwe kwake. Umeona akili hiyo?

Halafu siku yenyewe, amelala! Anashtuliwa na kelele za mtu uani kwamba saa kumi na mbili imeshagonga zamani. Anakurupuka. Anakwenda kuchukua shoka, kumbe mpango wote ule unategemea shoka la kuazima kimyakimya jikoni kwa mwenye nyumba, na msichana wa kazi, Nastasya, yupo palepale anaanika nguo. Akaokolewa na shoka jingine aliloliona chini ya benchi kwenye chumba cha mlinzi. Kafika, kaua, na mlango kauacha wazi. Akaingia Lizaveta, mdogo wake bibi, mtu mpole asiyemkosea mtu. Naye akauawa. Hapo sikucheka. Nilishuka kituo kisicho changu, nikatembea.

Sasa sikia kilichoniudhi mpaka leo. Ameiba, na hahesabu! Pochi ya bibi imetuna, anayo mkononi, haifungui. Anaichukua na vidani vyote anakwenda kuvizika chini ya jiwe uani kwa watu. Basi. Hairudii. Inakuja kujulikana mwishoni kabisa kwamba ndani mlikuwa na rubli 317 na kopeki 60, na noti za juu zimeshaharibika kwa kulala chini ya jiwe. Na kwenye droo ya bibi aliacha rubli 1,500 hajazigusa. Nikauliza kwa sauti, kwenye daladala, "Sasa uliua kwa ajili ya nini, mjinga wewe?" Watu wakageuka. Wale walioshaamini nina kesi wakaangaliana.

Na kesho yake baada ya mauaji kijana anapata wito wa polisi. Anatetemeka, anajua kwisha habari. Anafika kituoni. Kaitiwa kodi! Hati ya deni la rubli 115 aliyomwandikia mwenye nyumba sasa inadaiwa. Watu wawili wamekufa, na dola imekuja kumtafuta kwa ajili ya kodi. Kijana akaanguka, akazimia, na hapo ndipo walipoanza kumtilia shaka. Nawashauri wapangaji wenzangu: mkiitwa kwa kodi, msizimie.

Sehemu niliyoipenda, wala sioni haya kusema, ni ya mitumba. Ndiyo, mitumba. Jamaa akiwa kitandani na homa, rafiki yake Razumikhin anamwingilia na furushi. Kofia kopeki 80. Suruali rubli mbili na kopeki 25. Viatu rubli moja na nusu. Nguo za ndani rubli tano. Jumla rubli tisa na kopeki 55, na chenji ya kopeki 45 anairudisha, anaihesabu mezani! Na anasifia suruali vilevile anavyosifia jamaa wa grade A pale Karume, kwamba imevaliwa ndiyo, ila haina tundu wala doa. Nikasema huyu ndiye mtu. Huyu angekuwa ndiye mhusika mkuu kitabu kingekwisha mapema na kila mtu angekuwa amevaa.

Shemeji hakubaliani. Tulikuwa kwenye kipaimara upande wa ukweni, wakwe wote wamejipanga kwenye viti vya plastiki, soda mkononi. Akaniuliza mbele yao, kwa sauti ya chuoni: "Enhe, shemeji, umekielewaje kile kitabu? Kinahusu nini hasa?"

Nikajibu, "Kodi ya nyumba."

Walicheka mpaka mtu akapaliwa na pilau. Shemeji akasimama kabisa. Akawaeleza kwamba kijana aliandika makala, akagawa binadamu makundi mawili, wa kawaida na wasio wa kawaida, na hao wasio wa kawaida, akina Napoleon, wanaruhusiwa kuvuka hata damu. Kitabu ni cha dhamiri. Ni cha Mungu. Ni cha adhabu inayoanzia moyoni kabla ya ile miaka minane ya Siberia. Wakwe wakatikisa vichwa, kijana kasoma.

Nami nikashupaa, pilau limeshaingia nguvuni. Nikasema haya, huyo mlevi Marmeladov, mtumishi wa serikali, kauza mpaka soksi za mkewe akanywea. Binti yake Sonya kaingia barabarani ili wadogo zake wale. Dunya anataka kuolewa na yule Luzhin mbahili asiyempenda ili kaka yake asome. Mama mtu kakopa kwa dhamana ya ile pensheni yake ya rubli 120. Kila mtu humo anadaiwa! Toa kodi, toa riba, mpe kijana chumba chenye dirisha la maana na sahani ya wali, uone kama atamkumbuka huyo Napoleon. Napoleon anakuja kwa mwenye njaa aliyefungiwa chumbani.

Kimya. Nikaona nimewapata. Baba mkwe akaweka soda chini. "Na wewe, mwanangu, unadaiwa na nani?"

Nikasema ngoja nikasaidie kupanga viti.

Ila mwandishi mwenyewe yuko upande wangu, na hili kaniambia shemeji huyohuyo bila kujua ananipa silaha. Mwaka 1865 Dostoevsky alikuwa Wiesbaden, Ujerumani, anacheza kamari ya ruleti. Ndani ya siku tano hela ikaliwa yote, mpaka saa yake ya mkononi... samahani, ya mfukoni, enzi zile. Hoteli ikagoma kumpa chakula, ikawa chai tu, halafu na mishumaa wakamnyima. Akamwandikia mwandishi mwenzake, Turgenev, amkopeshe thaleri 100. Akaletewa 50. Unaijua hiyo! Na kila siku mzee wa watu anatoka hotelini saa tisa alasiri, anarudi saa kumi na mbili jioni, ili watu wasijue kwamba hali kabisa. Humohumo, kwenye njaa hiyo, ndimo alimoanza kuandika habari za kijana na bibi wa riba, akamwomba mhariri wa jarida atangulize rubli 300. Kwa hiyo kitabu kizima kilianza na mtu anayeomba advansi. Mimi mchana hutoka kazini na kijiti cha meno mdomoni, nazunguka jengo, narudi nachokonoa. Nilidhani nimeivumbua mwenyewe.

Nyumbani nako kukawa moto. Humo kitabuni kuna mpelelezi, Porfiry Petrovich. Hana ushahidi. Hakuulizi swali. Anacheka, anavuta sigara, anazungumzia nyumba yake, anakukaribisha tena kesho. Unajikamata mwenyewe. Sasa mama watoto hajasoma hata ukurasa, lakini nadhani walisoma shule moja. Nilikuwa nimemwambia sabufa iko kwa fundi.

"Fundi hajambo?" ananiuliza, anachambua mchele.

"Hajambo."

"Watoto wake?"

"Wazima."

"Hivi ana watoto wangapi vile?" Nikaanza kutokwa jasho. Kimya. Anachambua. Anapuliza makapi. "Jana nilipita kwa Mwalimu kumjulia hali. Ana sabufa nzuri. Na yenyewe ina ufa kushoto, palepale ambapo yetu mtoto aliiangushia kinu." Kimya tena. "Mwambie fundi tunamsalimia."

Raskolnikov aliona bora aende polisi akaseme mwenyewe. Nilimwelewa kabisa.

Basi mwisho wa mwezi ukafika, nimepungukiwa. Mwalimu akaja mwenyewe na daftari lake. Shikamoo Mwalimu. Marahaba, baba, marejesho yako wapi? Nikaanza kujiumauma. Macho yake yakatua mezani kwenye kitabu. Akavaa miwani. "Ndiyo maana wanasema una kesi! Kumbe ni hiki? Hiki niliusikia utamu wake tangu nipo chuo cha ualimu, sijawahi kukipata. Nakichukua. Faini ya kuchelewa." Kikaingia kwenye mkoba, kikalala juu ya daftari la madeni. Kitabu cha shemeji, na hajui mpaka leo.

Nikasema potelea mbali, nimeshakimaliza. Sikuwaza mbele. Usiku simu inaita, Mwalimu. Moyo ukanilipuka. "Samahani, baba, umelala? Huyu Pashenka ndiye mwenye nyumba au ni mtu mwingine?" Ndiye, Mwalimu. Akakata. Siku zingine anaulizia Dunya. Nikajiona mtu. Nikajua riba itapungua, tumekuwa wasomi wawili mtaani.

Jumamosi nikaenda kulipa. Hela nilizikusanya kwa jero na buku, chafuchafu, nikazifunga kwenye karatasi ya daftari la mtoto, nikazungusha uzi, nikakaza fundo zisimwagike. Nikabisha hodi. Mwalimu akatokea kwenye nondo za mlango, hakufungua. Nyuma yake wajukuu wawili, vijana wa mazoezi, mikono kifuani.

Nikampenyezea kifurushi. Akakitazama. Akautazama uzi. Akarudi hatua moja nyuma, hajanigeuzia mgongo.

"Weka chini," akasema. "Vua na hilo koti."

"Mwalimu, ni marejesho tu."

"Najua. Fungua mwenyewe."

Fundo lilinisumbua, kucha zangu fupi, mtaa mzima umesimama. Mwishowe likaachia. Wajukuu wakahesabu, mmoja baada ya mwingine. Zilipungua buku mbili.

Akaandika.